Namna ya kuunyanyua tena ukuta wa kitalu ulioanguka, kwa vikundi vya kujitolea vya maweni

Nawaandikia nyinyi mliojikusanya kwenda kuzinyanyua kuta za vitalu, yaani mashamba yaliyozungushiwa ukuta wa mawe, huko maweni kusini ya Unguja kwenye mwamba na udongo mchache, Makunduchi, Jambiani, Muyuni, Kizimkazi, na ndugu zetu wa Micheweni kule Pemba. Kazi hii naipenda kwa dhati na nikiona vijana wanaitaka nafurahi sana, ila nyingi katika kuta zinazojengwa sasaivi hazivuki masika mawili, zinabwagika, na sababu karibu kila mara ni ile ile: watu wanafika, wanaliona pengo, wanaanza kurundika mawe pale pale juu ya kifusi cha zamani, ikifika saa sita pengo limezibika, picha zinapigwa, kila mtu kwao. Ukuta wa mawe matupu hauna saruji, hauna chokaa, hauna udongo. Unashikwa na uzito wa jiwe na namna jiwe lilivyolazwa, bas. Kwaio nusu ya kazi, mimi nasema zaidi ya nusu, ni kuubomoa vizuri uliolegea na kuyapanga mawe chini kabla hamjainua hata moja.

Na mlijue jiwe lenyewe. Jiwe letu ni matumbawe ya kale, mwamba uliojijenga chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita kisha maji yakashuka ukabaki juu, ndio maana ukilitazama karibu unaona vishimo na alama za chaza na matumbawe. Lina meno, linakwaruza, na hilo kwetu ni faida mana jiwe lenye meno linaumana na mwenzake, halitelezi. Udongo wa huku umekaa vishimoni tu, kiraka hapa kiraka pale, wazee wakaokota mawe ili wapate pa kupanda mtama, kunde, mihogo, tungule na pilipili, na mawe hayo hayo wakayazungusha kuwa kitalu, nguruwe asipite na mbuzi asipite. Kule magharibi ya Unguja kwenye udongo mzito na mikarafuu huzikuti kuta hizi kwa wingi hivyo.

Kabla ya yote, ruhusa

Nendeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia, kwanza, halafu kwa mwenye kitalu, halafu kwa jirani wa upande wa pili. Msiruke hata mmoja. Ardhi kisheria ni ya serikali lakini ukuta una mwenyewe na miti ina mwenyewe, na ukuta ndio mpaka, mkiusogeza futi moja tu mmeanzisha ugomvi ambao nyinyi mtaondoka na wao watabaki nao. Kaeni na mzee, shikamoo mzee, tumekuja kukuomba ruhusa na utuoneshe ukuta ulikuwa unapita wapi, na mwacheni aende mwenyewe akaoneshe kwa fimbo, mana yeye anajua kilipo kiingilio cha zamani na maji ya masika yanapita wapi, mambo ambayo kwa macho yenu hamtayaona.

Muulizeni pia kama msimu huu kitalimwa. Mimi kitalu kisicholimwa sikipelekei watu. Ukuta usio na mtu wa kuupita kila wiki unaota mitambaazi, unaibiwa mawe, na nguvu za watu zimepotea, wakati jirani yake kuna bibi analima na nguruwe wanammalizia mihogo usiku.

Na waulizeni wazee kuhusu makaburi na mizimu. Huko vichakani kuna makaburi ya zamani yamezungushiwa mawe, na mtu asiyejua anaona rundo zuri la mawe ya kujengea. Kwetu kibla ni kaskazini, kwaio ukiona mawe yamejipanga kwa urefu wa mtu kutoka mashariki kwenda magharibi simama hapo hapo, usiguse, kaulize. Mapango nayo msiyasogelee kwa kuokota mawe, mengi yana heshima zake. Na mkikuta ukuta wenye chokaa ya zamani, hasa wenye umbo la mihirabu, huo sio kitalu, toeni taarifa kwa sheha ili watu wa mambo ya kale waje. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, kwaio msishangae kusini kukutana na vitu vya zamani sana.

Wakati

Kipupwe, Juni mpaka Agosti. Masika yamekwisha, majani yanaanza kukauka, jua halichomi sana, na Julai watu wengi wanarudi Makunduchi kwa ajili ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, kwaio mikono inapatikana, hata wale wanaoishi mjini. Anzeni saa moja asubuhi, simameni saa tano, rudini baada ya alasiri kama nguvu ipo. Ijumaa acheni. Mwezi wa Ramadhani msinyanyulishe watu mawe, mtu amefunga na jua lile ni hatari, kazi hii inaweza kungoja.

Vifaa sio vingi: panga na mundu za kusafishia, mitaimbo miwili mitatu, nyundo, karai, toroli, jembe moja la kukwangua udongo, mshipi wa kuvulia kwa ajili ya kuvuta mstari (haunyumbuki ovyo na unaonekana ukichagua wa rangi), na miti ya mivinje iliyonyooka ya kufanyia fremu. Msikate mikandaa (mikoko) kwa ajili ya fremu, mivinje inatosha kabisa. Kama mawe yamepungua itabidi mkodi gari ya ng'ombe. Kila mtu avae kiatu kilichofunga mguu, ndara hapana, na glavu kwa sababu jiwe hili linachuna vidole mpaka mtu hawezi kula ubwabwa jioni. Anayepiga nyundo avae miwani. Maji mengi, kisha mengi tena. Na mtu mmoja awe na sanduku la dawa, bandeji na spiriti, ajue nani ana gari karibu.

Kanuni ya usalama ni moja na muirudie kila asubuhi kabla hamjaanza: usitie mkono mahali ambapo jicho halijafika. Ukuta ulioanguka ni nyumba ya nge, tandu na nyoka. Jiwe la kwanza lisukumeni kwa mtaimbo, lipindueni kuelekea upande wenu ili mdudu atoke upande wa pili, subirini kidogo, ndio mshike.

Kusafisha

Kateni mitambaazi na vichaka futi sita kila upande. Kateni, msichome. Najua moto ni rahisi, siku moja kila kitu cheusi na kitalu kinaonekana chote, lakini jiwe hili ni jiwe la chokaa, ndio hilo hilo linalotiwa kwenye tanuri, na moto wa kichaka haulifanyi chokaa kamili ila unalipasua kwa ndani, ukija kulipanga linaonekana zima na mwaka unaofuata linameguka kama biskuti. Mawe yaliyokwisha ungua wekeni kando kabisa, hata kujazia hayafai.

Mti mdogo uliota ndani ya ukuta ng'oeni na mzizi wake. Mlandege au mkuyu uliokuwa mkubwa uacheni, msipigane nao, jengeni mpaka karibu nao kila upande muache nafasi ya mkono mmoja, mti unatikisika na upepo na ukiugusa ukuta utausukuma.

Kubomoa na kupanga mawe, hapa msiwe na haraka

Sasa tumefika. Vueni ukuta pale ulipoanguka na endeleeni kuvua pande zote mbili za pengo mpaka mfike kwenye jiwe ambalo mkilisukuma kwa mguu halitikisiki. Mara nyingi pengo la futi sita linakuwa la futi kumi na mbili mkishavua, vijana wanavunjika moyo hapo, waambieni ndio hivyo, ule uliosimama umelegea ungeanguka wenyewe mwakani. Ncha za ukuta mzima msiziache zimekatika wima, ziacheni kwa ngazi ngazi, ili kipya kipande juu ya cha zamani na kiumane nacho.

Mawe yanayotoka yasitupwe. Acheni njia ya futi tatu safi kando ya ukuta, pande zote mbili, ya kupita na kusimama, mana mtu akijikwaa na jiwe mkononi ndio ajali inavyokuja. Baada ya njia ndio mnaanza kuyatandaza. Ya juu kabisa, yale mazito mapana ya kufunikia, yatatoka kwanza na yatatumika mwisho kwaio yapelekeni mbali zaidi. Ya kujengea yafuate karibu, yatandazwe chini moja moja uso wake uonekane, yasirundikwe, mana jiwe lililo chini ya rundo ni kama halipo. Mawe marefu, yenye urefu wa futi mbili au zaidi, yapate mahali pake peke yake na mtu akatazwe kuyagusa, nitaeleza chini. Vijiwe vya ukubwa wa ngumi vikae kwa marundo madogo madogo kila hatua kadhaa. Makubwa ya msingi yabaki pale pale yalipo au hatua moja tu nje.

Lijaribuni kila jiwe la kujengea kwa kuligonga na nyundo, kidogo tu. Jiwe zima linalia, sauti inatoka kali. Bovu linajibu bubu. Baada ya saa moja hamtohitaji nyundo, mtalijua kwa uzito mkononi. Bovu livunjeni liwe kijiwe cha kujazia kama sio la unga unga, la unga litupeni.

Kazi hii ya kupanga ndio wanafaa watu wote, mwenye mgongo mbovu, mtoto wa skuli, bibi mwenye kitalu ambaye anajua lipi ni lipi, wote wana pa kushika. Na mawe makubwa yabingirisheni kwa mtaimbo juu ya vijiti, msiyabebe. Mkilazimika kubeba, watu wawili, magoti yakunjwe, mgongo unyooke, mmoja tu ndio aseme haya.

Msingi

Kwangueni udongo mpaka mwamba. Kwetu maweni mara nyingi ni shibiri moja au mbili tu, na hapo hamna cha kuchimba, mnafagia na kulaza mawe makubwa juu ya mwamba wenyewe. Mkikuta kishimo cha udongo chimbeni mpaka pagumu. Kama mwamba umeelekea nje, ugongeni au lazeni jiwe ambalo linaurudisha ndani, mana msingi ukiteleza nje ukuta wote unaufuata.

Upana wa chini kwa ukuta wa futi nne, yaani sentimita 120, uwe kama sentimita 70, na juu uishie sentimita 40. Fungeni fremu mbili za miti ya mivinje kwa vipimo hivyo, pana chini nyembamba juu, simamisheni moja kila mwisho wa kipande mnachojenga, vuteni mishipi miwili kati yake, mmoja kila upande, na mnaipandisha kila mkimaliza safu. Bila mshipi jicho linadanganya, ukuta unakunja shingo na hamjui mpaka jioni. Mawe ya msingi mistari miwili, ncha ndefu ikielekea ndani ya ukuta, katikati mnajaza.

Kupandisha

Shika jiwe, ligeuze. Kila jiwe lina uso, upande ulio bapa kidogo ambao utatazama nje, na lina mkia, upande mrefu ulio nyuma yake. Mkia uende ndani. Mtu mpya anapenda kulilaza jiwe kwa urefu kando ya ukuta kwa sababu linaziba sehemu kubwa na ukuta unaonekana umekwenda, na hilo ndio kosa linalobwaga kuta nyingi kuliko lolote, mana jiwe lililolala hivyo limekaa ukingoni tu, halijashika kitu. Mkia ndani, hata kama uso utabaki mdogo.

Lijaribu mahali pake, ligeuze mara ya pili, mara ya tatu, likikataa liweke chini uchukue jengine, lina mahali pake mbele. Likikaa lisukume kwa kiganja pembe zote. Linacheza? Tia kijiwe kwa nyuma, kutoka ndani ya ukuta, ulikaze. Usitie kabari kwa nje kwa sababu ya mbele inachomoka na mvua na joto na jiwe linarudi kucheza.

Jiwe moja likae juu ya mawili, na mawili yakae juu ya moja. Wenzetu wa Uingereza, ambao wana jumuiya ya wajenzi wa kuta hizi tangu 1968, wanafundisha hivyo hivyo, na mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ufundi huu kwenye orodha ya urithi usioshikika kwa nchi nane za Ulaya, zikiwemo Kroatia, Ugiriki na Uswisi. Sisi hatumo kwenye orodha ile lakini kuta tunazo, na mkono wa kuzijenga bado upo kwa wazee kama tutawafata. Ukitazama ukuta kwa mbali usione ufa ulionyooka kutoka juu kwenda chini ukapita safu mbili tatu. Ukiuona, vua, rudia, usione haya wala usimuonee haya aliyejenga.

Kati ya mistari miwili mnajaza vijiwe, na mnajaza kila safu inavyokwenda, sio mwisho. Kwa mkono. Kijiwe kimoja kimoja, kibanwe. Wale wanaomwaga karai zima kwa juu wanaacha mapengo, baada ya mwaka vijiwe vinashuka, nyuso zinasukumwa nje na ukuta unatoa tumbo. Udongo na mchanga ni marufuku kabisa humo ndani, masika yanauchukua na pale ulipokuwepo panabaki tupu, na ukibaki unashika maji na mizizi. Mtu mmoja mvumilivu apewe kazi hii tu, na mimi humpa yule ambaye nnamuamini kuliko wote.

Mkifika futi mbili ndio zamu ya yale mawe marefu mliyoyaficha. Kila mita moja lazeni moja linalopita kutoka uso huu mpaka uso wa pili, hilo ndio linalofunga pande mbili zisiachane. Matumbawe hayatoi mawe marefu mengi, kwaio mkikosa tumieni mawili, moja kutoka kila upande, mikia yao ipishane katikati na juu yake liwekwe zito la kuzikandamiza.

Msitarajie kwenda mbio. Watu wanne wapya wakimaliza mita mbili nzuri kwa siku, mashaallah.

Kuna mtu kila kikundi atasema tutie saruji kidogo tu pale juu. Nakuombeni mumkatalie kwa upole. Ukuta wa mawe matupu unajisogeza kidogo mwamba na mizizi inapousukuma, maji yanapita ndani yake, upepo unapita. Ukiutia saruji sehemu, ile sehemu inakuwa gamba gumu juu ya kitu kinachocheza, inapasuka kipande kizima, na ikianguka mawe yake hayatumiki tena. Halafu saruji inanunuliwa. Jiwe lipo pale pale.

Kiingilio, maji na juu

Kama watu wana njia yao ya kupita, msiizibe, watapanda ukuta na wataubwaga. Tieni mawe matatu marefu yaliyotokeza nje pande zote mbili kwa ngazi, mtu anapanda na kushuka, mbuzi anabaki. Kiingilio cha kawaida pembe zake zijengwe kwa mawe makubwa kuliko yote mliyonayo, yakipishana, moja urefu ndani, la juu yake urefu kando.

Pale mzee alipoonesha maji ya masika yanapita acheni tundu chini kabisa, la shibiri moja, si kubwa zaidi mana kitoto cha nguruwe kitaingia.

Nguruwe haruki, anasukuma kwa pua chini, ndio maana safu mbili za kwanza lazima ziwe nzito. Mbuzi anaruka, kwa hiyo juu malizieni na yale mapana mazito yanayokaa juu ya pande zote mbili, yabanane kwa ubavu, na mkitaka zaidi lazeni matawi ya miiba. Kima hazuiliki kwa ukuta, hasa vijiji vilivyo karibu na msitu wa Jozani, na mumwambie mwenye shamba hilo mapema asije akalaumu kazi ya watu, kima atataka mlinzi bado.

Baada ya hapo

Masika ya kwanza yakimalizika rudini muupite ukuta wote kwa miguu. Mkiona tumbo, au jiwe la juu limehama, vueni kipande kile na mrudishe siku hiyo hiyo, ni kazi ya asubuhi moja, ukisubiri mwaka ni kazi ya wiki. Mitambaazi ikatwe kila kipupwe. Na zungumzeni na sheha kwenye mkutano wa shehia, mbele ya watu, mkubaliane kwamba mawe ya vitalu hayapondwi kokoto wala hayaendi kwenye tanuri la chokaa wala hayauziwi wanaojenga, mana kuta nyingi hazikuanguka zenyewe, zilibebwa. Mawe yaliyobaki msiyasambaze, yawekeni rundo dogo kila baada ya hatua ishirini upande wa ndani wa kitalu, na mumuoneshe mwenyewe, akija kuona pengo ana mawe ya kuliziba bila kumngoja mtu.